Jina la Ruete: lina asili gani, na wenye jina hili Ujerumani ni wangapi?

Mtembezaji_Shangani aliandika:

Assalaam alaykum wanabaraza.

Naandaa karatasi ya maelezo ya njia ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar: Mtoni alikozaliwa tarehe 30 Agosti 1844, Mji Mkongwe alikoishi, mpaka kuondoka kwake mwaka 1866. Historia yake haina shida, imeandikwa sana. Kinachonitatiza ni jina la mume. Salme bint Said bin Sultan aliolewa Aden tarehe 30 Mei 1867 na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na toka hapo akawa Emily Ruete. Wageni wa Kijerumani wenyewe huliona jina hili geni, na kila mmoja hulisoma kivyake.

Nnaomba msaada: jina linatokana na nini, ni la upande gani wa Ujerumani, wanalo watu wangapi, na linaandikwaje hasa, maana nimeshaliona kama Ruete, Rüte na hata Reute. Nataka kilicho sahihi, nisije nikawabandikia wageni hadithi.

Maalim_Kikwajuni aliandika:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na tahajia, kwa sababu ukiikosea hiyo, kila utafutaji utakaoufanya baadaye utakupeleka kwa watu wengine.

Andika Ruete, na usiiguse. Wajerumani wana herufi ü, na asiyekuwa nayo kwenye kibodi huandika ue badala yake. Ndiyo maana mtu akiona Ruete hudhani ni Rüte iliyokosa nukta, akaenda "kulisahihisha". Kwa majina ya watu kanuni hiyo haina kurudi nyuma: kila ü yaweza kuandikwa ue, lakini si kila ue yaweza kugeuzwa ü. Goethe haandikwi Göthe. Mueller na Müller kwa ofisi ya usajili ni majina mawili. Hata pasipoti isikuchanganye: kwenye ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, Ü kwa kawaida huandikwa UE, kwa hiyo Rüte na Ruete hutoka sawasawa. Jina la kutegemewa ni lile lililochapwa juu yake.

Sasa hiyo e inafanya kazi gani? Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani makarani wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka e baada ya irabu kuonyesha kwamba irabu ivutwe, na e yenyewe haitamkwi. Mji wa Soest husomwa Soost, Coesfeld ni Koosfeld, Itzehoe ni Itzehoo, Kevelaer ni Kevelaar. Kwa desturi hiyo Ruete ingesomwa "Ruute". Na kama e ni alama ya ü, basi ni "Rüüte", midomo ikiwa imechongoka kama ya kusema u huku ulimi ukisema i. Kupambanua hayo mawili hakutaki kubahatisha. Chukua vitabu vya kanisa vya ukoo mmoja, karne ya 17 na ya 18, wakati karani aliandika alivyosikia. Ukikuta baba kaandikwa Rühte na mwana Ruete, ni ü. Ukikuta Ruhte au Rute, ni u ndefu. Mpaka hapo, usiweke mwongozo wa matamshi kwenye karatasi yako.

Maana ya jina inataka uangalie lahaja kwanza. Kiunguja tunasema macho na kucheka, Kimvita mato na kuteka. Ch ya huku ni t ya kule, na jambo hilo lina utaratibu wake. Kijerumani ni vivyo hivyo: cha vitabu husema Wasser, cha kaskazini, ambacho wenyewe hukiita Platt, husema Water, cha vitabu Tag, cha kaskazini Dag. Watu wengi watakwambia mbio mbio kwamba Ruete ni Rute, yaani ufito, neno lililotumika pia kwa kipimo cha ardhi cha kama mita 3 hadi 5. Kwa ukoo wa kusini ningelisikiliza. Kwa ukoo wa kaskazini lina kasoro: ufito kwa Kijerumani cha kaskazini cha zamani ni rode, yenye d, na koo za huko zingeandikwa Rode au Rohde. Ile t ya Ruete inataka neno lililokuwa na t toka mwanzo.

Neno hilo lipo. Ni rute yenye u ndefu, ambayo kwenye Kijerumani cha vitabu imekuwa Raute. Ni mmea wa dawa wenye harufu kali, ule ambao Waarabu huuita sadhab. Ni umbo la mraba uliosimamishwa kwa pembe, lile lile la uru kwenye karata. Na kaskazini ni kioo cha dirisha, kwa sababu vioo vya zamani vilikatwa vipande vya umbo hilo na kuungwa kwa vijiti vya risasi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuitwa hivyo angeweza kuwa muotesha dawa, fundi wa vioo, au mkaazi wa nyumba au kiwanja chenye alama ya uru. Majina ya koo ya Kijerumani yana makundi matano: jina la baba, kazi, mji wa asili, mahali mtu alipokaa, na jina la utani. Hili laweza kuingia kwenye zaidi ya kundi moja. Mimi naegemea rute hii, lakini neno la kuandika ni "huenda".

Jihadharini na mji wa Rüthen huko Westfalia. Unafanana na jina, na watu huurukia. Kufanana hakutoshi, mji ukiwa ndio asili, lazima wenye jina wa zamani wawe wamejaa kuuzunguka. Hilo ni swali la ramani.

Bi_Hesabu_Wete aliandika:

Maalim kamaliza upande wa lugha, mie nichukue ramani na hesabu.

Ujerumani haina orodha ya wazi inayohesabu watu kwa majina ya koo. Kinachotumika ni kitabu cha simu. Watafiti wa majina wanategemea laini za mezani za mwaka 2005, karibu milioni 28 za watu binafsi, zenye majina tofauti ya koo kama 850,000. Juu ya data hiyo ndipo palipojengwa kamusi ya kidijitali ya majina ya koo inayosimamiwa na Akademia ya Mainz toka 2012. Inaitwa Digitales Familiennamenwörterbuch Deutschlands, ni bure, na majina iliyoyashughulikia ina ramani zake. Anza hapo, kabla ya tovuti nyingine yoyote.

Ukipata idadi, kumbuka ni laini, si watu. Laini moja ilikuwa na baba, mama na watoto nyuma yake, na wengine hawakutaka kuandikwa kitabuni. Gawa watu milioni 82 wa wakati huo kwa laini milioni 28, unapata 2.9. Hicho ndicho kizidisho. Tuseme umekuta laini 30: 30 × 2.9 ni 87. Usiandike 87. Kwa idadi ndogo kama hiyo, laini tano sita zaidi au pungufu ni jambo la kawaida, kwa hiyo sema "kati ya 70 na 110". Na usitumie vitabu vya simu vya karibuni ukidhani vipya ni bora. Watu wameacha simu za mezani, na kila mwaka kitabu kinapungua wakati wenye majina wapo pale pale.

Mpate kipimo cha unadra: Müller, jina la kwanza kwa wingi, lina laini zinazokaribia 256,000. Jina lenye makumi au mamia machache ni nadra kwa kila hali.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye ramani. Tovuti nyingi hupaka rangi kwa idadi tupu, na Hamburg ikang'aa, mtu akasema "asili yake Hamburg". Hamburg hung'aa kwa kila jina, ina watu milioni 1.8. Chukua mfano, na tarakimu za laini ni za kufundishia tu: Hamburg laini 20, wilaya ya Osterholz kaskazini mwa Bremen laini 10. Osterholz ina watu kama 115,000. Gawa: Hamburg ni laini 1.1 kwa kila watu 100,000, Osterholz ni 8.7. Asili inanukia Osterholz, mara nane zaidi. Daima chagua ramani ya uwiano.

Osterholz sikuitaja kwa bahati. Ruete mwengine mashuhuri wa karne ya 19, tabibu wa macho Christian Georg Theodor Ruete, alizaliwa Scharmbeck mwaka 1810, mji ambao leo ni sehemu ya Osterholz-Scharmbeck. Alisomesha Göttingen kisha Leipzig, na ni miongoni mwa waliokiendeleza kile chombo cha kutazamia ndani ya jicho mara tu baada ya Helmholtz kukibuni. Alifariki 1867, mwaka ule ule wa harusi ya Aden. Mtu mmoja si ramani, wala simuungi kwa nasaba na mume wa Salme. Ila ukiwa na Ruete mmoja wa jirani na Bremen na mwengine Hamburg, hiyo ni kaskazini-magharibi ile ile ambayo Maalim anaizungumzia kwa e ya kuvuta, na ni mbali na Rüthen.

Kuna chanzo cha pili ambacho watu hukisahau. Vita vya pili vilihamisha Wajerumani kama milioni 12 kutoka mashariki, na kitabu cha simu cha 2005 kimebeba uhamaji huo wote. Ukitaka picha ya kabla yake, tumia orodha za majeruhi na waliopotea za vita vya kwanza vya dunia. CompGen, chama cha Kijerumani cha watafiti wa nasaba, kimeziingiza kwenye kompyuta, maingizo zaidi ya milioni 8, na mara nyingi zinataja mahali askari alipozaliwa au alipokaa. Utafutaji ni bure. Angalia mambo mawili. Askari mmoja hutokea mara mbili tatu, kajeruhiwa, kisha katekwa, kisha orodha imesahihishwa, kwa hiyo usihesabu maingizo kama watu. Na maandishi yalichapwa kwa herufi za kale za Fraktur, ambazo R, N na K kubwa zinashabihiana sana. Tafuta Ruete, halafu Nuete na Kuete.

Mtembezaji_Shangani aliandika:

Ahsanteni sana, Maalim na Bi Hesabu. Nina mawili. Nimeona tovuti inayotoa jumla ya wenye jina hili dunia nzima kwa tarakimu kamili, na pembeni inauza nembo ya ukoo. Naweza kuitumia? Na la pili, hapa hapa Unguja kuna karatasi za kutazama?

Bi_Hesabu_Wete aliandika:

La kwanza, hapana. Tarakimu ya dunia nzima hutokana na kuchanganya orodha za miaka tofauti na makisio, halafu wanaifuta alama ya makisio. Na nembo ni ya familia fulani iliyoichukua au kupewa, haifuati jina. Koo mbili zenye jina moja zaweza kuwa na nembo mbili, au zisiwe nayo kabisa. Usiichape.

Karani_Kilimani aliandika:

La pili nalichukua mimi, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu siku nzima.

Karatasi za zamani za konseli ya Kijerumani zipo kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mtu huingia, huuliza "Wajerumani, miaka ya 1860", na hutoka mikono mitupu. Wakati huo hapakuwa na nchi inayoitwa Ujerumani. Mkataba wa 1859 na Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar wa wakati huo, uliwekwa na miji ya Hansa, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck. Shirikisho la Ujerumani Kaskazini lilikuja 1867, na dola ya Ujerumani 1871. Kwa hiyo kwa Heinrich Ruete tafuta Hansa na Hamburg kwanza. Pitia pia karatasi za konseli ya Uingereza, maana kisa cha kuondoka kwa Bibi Salme kiliwahusu na meli iliyomchukua, Highflyer, ilikuwa ya kivita ya Kiingereza. Tafuta na nyumba za biashara za Hamburg zilizokuwa hapa, Hansing na O'Swald. Hiyo ya pili ni funzo la tahajia peke yake: mwanzilishi wake alizaliwa Oswald, jina la kawaida la Kijerumani, akalikata kwa alama ya juu, na leo watu wanamtafuta Ireland.

Hati za mkono za Kijerumani za enzi hizo zimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Hapo Ruete ndipo linapoponyoka. Herufi e ya Kurrent haina kitanzi kama yetu. Ni mistari miwili mifupi inayoshuka imesimama karibu karibu, inafanana kabisa na n iliyobanwa. Herufi u nayo ni mistari miwili hiyo hiyo, ila juu yake kuna upinde mdogo kama mwezi mwandamo, umewekwa makusudi isidhaniwe n. Sasa lisome Ruete: R, mistari miwili yenye upinde, mistari miwili bila upinde, t, mistari miwili. Asiyezoea husoma Runte, na Runte ni jina jengine kabisa la ukoo lililopo. Dawa yake ni kupima upana. Tafuta kwenye ukurasa huo huo neno unalolijua lenye n na e, kama "eine", uone mwandishi huyo ameachanisha vipi mistari yake. Kwenye n mwanya ni mpana, kwenye e mistari karibu igusane. Ukiona juu ya u pana vijistari viwili badala ya upinde, hiyo ni ü.

Hiyo Reute uliyoiona imetokana na kugeuza herufi mbili tu. Ni rahisi kuikosea, maana eu ni mfuatano wa kawaida sana kwa Kijerumani kuliko ue. Itafute pia, lakini usiiandike.

Harusi ya Aden usiitafute Hamburg. Aden ilikuwa chini ya utawala wa Bombay, kwa hiyo nakala za daftari za kanisa zilipelekwa huko, na mkusanyiko wake leo uko British Library, London. Watoto watatu waliozaliwa Hamburg, Antonie 1868, Rudolph Said 1869 na Rosalie 1870, na kifo cha Heinrich tarehe 6 Agosti 1870 alipogongwa na tramu, vyote vimo kwenye usajili wa kiraia wa Hamburg. Mji ule ulianza usajili huo 1866, kabla ya Prussia iliyoanza 1874 na dola nzima 1876. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, na watu wengi wa Hamburg wakati huo walikuwa Waprotestanti, kwa hiyo usipoteze wakati kwenye tovuti za vitabu vya Wakatoliki. Daftari za kiraia hufunguliwa baada ya muda maalumu: uzazi miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Zote hizi zimeshafunguka, hata ya kifo cha Bibi mwenyewe, Jena, 29 Februari 1924.

Maalim_Kikwajuni aliandika:

Karani kafungua mlango wa nasaba, niongeze neno kuhusu kwa nini majina kama hili hupungua. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na babu, na mwanamke akiolewa habadilishi nasaba yake. Salme hubaki bint Said mpaka kaburini. Ujerumani mke alichukua jina la ukoo la mume, na mpaka tarehe 1 Julai 1976 Ujerumani Magharibi jina la mke halikuweza kuwa jina la ndoa. Ukoo mdogo ukizaa mabinti, jina linakatika. Angalia nyumba hii hii: Antonie aliolewa akawa Brandeis, Rosalie akawa Troemer. Alibaki mwana mmoja wa kulibeba, naye baadaye akajiita Said-Ruete kwa kumuunganisha babu yake wa Unguja. Kwenye makatalogi mtafute kwenye S. Walio wengi humtafuta kwenye R na kusema hakuandika kitu.

Si Wajerumani wote waliokuwa na jina la ukoo toka zamani, kwa faida ya wanaouliza. Pwani ya Friesland Mashariki walikuwa wakiita kwa jina la baba kama sisi, mpaka amri ya Napoleon ya 1811 ilipowalazimisha kuchagua jina la kudumu.

Mtembezaji_Shangani aliandika:

Nimeandika hivi, nirekebisheni: "Ruete ni jina la nadra la Kijerumani kutoka Hamburg. Maana yake ni kioo cha dirisha. Salme Ruete alilipata kwa ndoa mwaka 1867."

Bi_Hesabu_Wete aliandika:

"Kutoka Hamburg" iondoe, weka "la kaskazini-magharibi mwa Ujerumani". Hamburg ni mji wa mume. Na ukitia idadi, itie pamoja na mwaka wa data na neno "makisio". Usiorodheshe wenye jina walio hai, hata ukiwakuta kwenye kitabu cha simu.

Maalim_Kikwajuni aliandika:

"Maana yake ni" iwe "huenda linatokana na neno rute la Kijerumani cha kaskazini, lenye maana ya mmea wa sadhab, umbo la uru, au kioo cha dirisha". Na "Salme Ruete" unachanganya majina ya nyumba mbili. Wajerumani wenyewe huandika jina la ndoa, halafu kifupisho geb., yaani "aliyezaliwa", halafu jina la kwao. Kwa Kiswahili inakaa vizuri tu: Emily Ruete, aliyezaliwa Salme bint Said.